Pula la Usukani na Ng'ombe Mweupe wa Ngassa

Asubuhi ya Samuye huanza na ng'ombe. Watu hufuata baadaye.

Siku hiyo Mbuke alikuwa amechuchumaa zizini anakamua. Kibuyu kilikuwa magotini. Binti yake mdogo, Paskazia, alisimama kando na kikombe chake, akisubiri maziwa ya moto ya kiweleni mwa ng'ombe. Nje ya boma mumewe, Ngassa, alikuwa amelala chini ya lori. Miguu tu ndiyo ilionekana.

Ngassa alikuwa fundi wa magari. Gereji yake ilikuwa paa la bati juu ya nguzo nne, kando ya barabara iendayo Shinyanga. Miaka ile ya hamsini, malori ya pamba yalipita hapo msimu mzima. Yaliharibika pia msimu mzima, na Ngassa hakulalamika.

Lori la siku hiyo lilikuwa la tajiri mmoja wa pamba. Dereva wake aliitwa Gregory, mtu wa Biharamulo, mwembamba, mwenye maneno mengi.

"Fundi, sikiliza," alisema Gregory. "Usukani huu nauzungusha robo nzima, magurudumu hayana habari. Jana nilikata kona, lori likakata kona baada ya kufikiri kwanza."

Ngassa alicheka kule chini. Alikwisha kuona ugonjwa. Chini ya usukani kuna sanduku la chuma. Ndani yake kuna mhimili, na mhimili huo huzunguka ndani ya bushi, vipete vinavyoushika. Bushi zilikuwa zimelika. Ndiyo maana usukani ulicheza. Kuzibadilisha si kazi kubwa. Bushi mpya Gregory alikuwa nazo tayari, alipewa na tajiri wake.

Taabu ilikuwa moja tu. Huwezi kufungua sanduku lile mpaka utoe mkono wa chuma uliobanwa kwenye ncha ya mhimili. Mkono huo hubanwa sana kiwandani, na ukikaa miaka na vumbi na kutu hushika kama kupe.

Ngassa alifungua nati. Akavuta kwa mikono. Akatia mafuta ya taa, akasubiri, akavuta tena. Mkono ulibaki pale pale. Akachukua nyundo.

Ngo. Ngo. Ngo.

"Weka nyundo chini, ndugu yangu," alisema Gregory. Safari hii hakuwa anatania. "Ukipinda huo mhimili, lori litanitupa mtoni na robota zote za pamba. Mimi nina watoto."

Ngassa alitoka chini ya lori akifuta jasho. Alijua Gregory anasema kweli. Alijua pia dawa yake. Kuna chombo kinachoitwa pula. Kina makucha mawili na skrubu nene katikati. Makucha hushika mkono, skrubu husukuma mhimili. Unakaza polepole kwa spana, na mkono unatoka bila kupigwa hata mara moja.

Ngassa hakuwa na pula. Aliliona mara moja tu, kwa fundi Athanas wa Tinde, limening'inizwa ukutani linang'aa, na wateja wanalitazama.

"Nipe siku tatu nipate pula," alimwambia Gregory. "Jumamosi lori lako litaondoka."

"Utalitoa wapi hilo pula?"

"Nitanunua jipya," alisema Ngassa, na kifua kikapanda kidogo.

*

Mchana huo Herman alipita. Herman alikuwa mchuuzi wa ng'ombe, mtu wa fimbo ndefu na viatu vilivyochoka. Alikusanya ng'ombe vijijini akawapeleka mnadani. Ngassa alimwita pembeni, wakazungumza kwa sauti ya chini. Kisha wote wawili wakatazama zizini.

Mbuke aliwaona. Mke aliyelelewa kati ya ng'ombe anajua macho ya mchuuzi yanapotua.

Herman alipoondoka, Mbuke alimwekea mumewe ugali na maziwa mgando. Alimwacha ale kwanza. Hakutaka kugombana na mtu mwenye njaa, maana huyo hasikii.

"Baba Paskazia, Herman alikuwa anatazama nini zizini kwetu?"

Ngassa alinawa mikono polepole.

"Nimemwambia aje Jumamosi amchukue yule mweupe. Bei ya pula jipya ni karibu sawa na bei ya ng'ombe. Nikishakuwa na pula, malori yote yenye usukani mbovu yatakuja kwangu. Nitakuwa fundi kamili."

Moyo ulimwuma Mbuke kweli kweli. Zizini mwao walikuwamo ng'ombe saba. Sita walikuwa wa mzee Mageni, tajiri wa mifugo wa upande wa pili wa mbuga. Alikuwa amewakabidhi kwao wamtunzie, kama ilivyo desturi ya Wasukuma. Wewe unachunga, unakunywa maziwa, unachukua samadi. Ng'ombe wakizaa, ndama ni wa mwenyewe. Yule mweupe peke yake ndiye alikuwa wao. Walimpata kwa pamba ya misimu mitatu, wakipalilia jua likiwachoma migongo. Naye sasa alikuwa na mimba.

"Wale sita wakizaa, ndama ni wa mzee Mageni," alisema Mbuke. "Huyu akizaa, ndama ni wetu. Ndiyo mbegu yetu peke yake. Ukimwuza, sisi tutabaki wachungaji mpaka Paskazia aolewe."

"Sasa nifanye nini? Niendelee na nyundo?"

"Kodi hilo pula."

Ngassa alimtazama kana kwamba ameambiwa avae gauni.

"Kukodi? Fundi mzima nikatembee nikitafuta vyombo vya watu? Wahenga walisema, nguo ya kuazima haisitiri maungo."

"Hiyo ni ya kuazima. Mwenyewe akiitaka anakuvua njiani. Mimi nimesema kukodi. Unalipa, na kwa siku ulizolipia ni chako."

"Ni aibu, mama."

Hapo Mbuke alicheka. Alicheka mpaka akashika mbavu. Ngassa akakasirika kidogo, kisha akaanza kutabasamu bila kujua sababu.

"Unacheka nini?"

"Maziwa uliyokunywa sasa hivi ni ya ng'ombe gani?"

Ngassa alitazama bakuli lake.

"Ni ya ng'ombe wa mzee Mageni," alisema Mbuke. "Mwaka wa tatu huu tunayanywa. Samadi yao ndiyo inayolisha mahindi yetu. Mbona kwa ng'ombe huoni aibu? Wageni wakija unawaonyesha zizi, unasema, tazameni ng'ombe. Husemi ni wa nani. Lakini chuma cha kutumia siku moja, hicho lazima kiwe chako, hata tuuze mbegu yetu. Lo, Baba Paskazia."

Wapo wanaume ambao wangepiga meza hapo. Ngassa alikuwa na kichwa kigumu, lakini masikio yake yalikuwa mazima. Alijikuna kidevu.

"Na nani anayekodisha pula?"

"Mama Generosa wa Shinyanga, yule ninayempelekea samli. Nyuma ya duka lake kuna chumba cha vyuma. Nimeona mafundi wakiingia mikono mitupu na kutoka wamebeba vitu vinavyofanana na kaa mwenye makucha."

*

Kesho yake alfajiri waliondoka kwa baiskeli. Ngassa alikanyaga, Mbuke alikaa nyuma na debe la samli mapajani. Paskazia aliachwa kwa bibi yake. Jua lilipopanda walikuwa wamefika mjini, karibu na stesheni.

Jina la Mama Generosa ni Bernadina. Alikuwa Mzinza, mtu mzima, mwenye mwili na sauti ya kutosha. Mumewe, Eustace, alifanya kazi miaka mingi katika gereji ya mgodi wa dhahabu huko Geita. Alipoacha kazi alinunua sanduku zima la vyombo vilivyotumika. Sasa Eustace alikuwa anazunguka vijijini kutengeneza mashine za kusaga, na mkewe alikuwa anakodisha vile asivyovihitaji safarini.

"Shikamoo, mama," walisema wote wawili.

"Marahaba, wanangu. Mbuke, leo umeniletea samli na mwanamume pia?"

"Samli ni yako, mama. Mwanamume nitarudi naye."

Bernadina alicheka, akawakaribisha chumba cha nyuma. Vyombo vilipangwa juu ya rafu, vimepakwa mafuta. Kulikuwa na mapula makubwa kwa madogo, na mitambo mingine ambayo Ngassa hakuijua jina. Macho yake yalitembea kama ya mtoto sokoni.

"Mama, siku moja nitakuwa na vyote hivi," alisema.

"Vya kazi gani?" aliuliza Bernadina.

"Kazi ya ufundi."

"Keti, mwanangu. Niambie. Spana unaishika mara ngapi?"

"Kila siku."

"Na jeki?"

"Kila siku, isipokuwa Jumapili."

"Hivyo nunua, tena nunua vizuri. Usinunue spana laini inayopanuka mdomo. Chombo cha kila siku kinakulipa chenyewe. Sasa niambie, tangu ufungue gereji, malori mangapi yamekuja yanahitaji kutolewa mkono wa usukani?"

Ngassa alifikiri. "Hili. Na lile la mwaka juzi. Basi."

"Kwa hiyo pula lako lingelala usingizi mwaka mzima, likiamka siku moja. Na wewe ungekuwa umeuza nini kulinunua?"

Mbuke alitazama dari. Ngassa alitazama viatu vyake.

"Ng'ombe," alisema.

"Mwenye mimba," aliongeza Mbuke.

Bernadina alishika shavu. "Haya. Tena sikiliza jambo jingine. Mapula hayafanani. Unamjua Athanas wa Tinde?"

"Namjua. Ana pula zuri sana ukutani."

"Ndiyo, ukutani. Alilinunua kwa ajili ya gari dogo moja. Malori makubwa yakija, makucha yake hayafiki. Naye hukodi kwangu kama wewe. Lile la kwake analipangusa vumbi wateja wakifika."

Ngassa alicheka kwa sauti, na nadhani ndipo mzigo ulipomtoka. Kumbe fundi aliyekuwa anamwonea wivu alikuwa anapita mlango ule ule.

"Je, umepima mkono wa lori lako?" aliuliza Bernadina.

Ngassa alitoa mfukoni kijiti. Alikuwa amekikata kwa urefu ulio sawa na upana wa ule mkono. Bernadina alifurahi. Alichagua pula, akalipima na kijiti, akalirudisha. Akachukua jingine kubwa zaidi, makucha yakaingia sawasawa.

"Usilichukue bado," alisema. "Likague mbele yangu. Zungusha skrubu mpaka mwisho. Nyuzi zake zinakwenda laini? Tazama makucha, yana ufa? Ukiona ufa ukanyamaza, kesho nitasema umeuleta wewe, na hutakuwa na jibu."

Ngassa alizungusha skrubu, akapitisha kidole kila pembe. Lilikuwa zima. Kisha wakapatana. Malipo ni shilingi mbili kwa siku, na siku ya kuchukua na ya kurudisha zinahesabiwa zote. Debe la samli litabaki kuwa amana, Mbuke atalipwa bei yake pula likirudi.

"Na likivunjika je?" aliuliza Bernadina. "Hilo watu hawapendi kulisema. Mimi napenda lisemwe mapema, watu wakiwa bado wanacheka."

Ngassa hakuhitaji kufikiri.

"Kwetu, ng'ombe niliyekabidhiwa akifa, siendi kwa mwenyewe na maneno matupu. Nampelekea ngozi. Anaitazama, anaona kama ni ugonjwa au ni uzembe wangu. Kama ni uzembe, nalipa. Likivunjika pula, nitakuletea vipande vyote. Uvione mwenyewe. Kama nimelilazimisha au nimelipiga nyundo, nitalipa."

Bernadina alimgeukia Mbuke. "Mumeo alisema hajui kukodi?"

"Alisema ni aibu, mama."

"Basi anajua sheria zake zote. Alidhani zinaishia mlangoni mwa zizi."

Aliliviringisha pula kwenye gunia, akampa.

*

Jumamosi asubuhi Ngassa alianza kazi mapema. Alitia mawe nyuma ya magurudumu ili lori lisitembee. Kabla ya kugusa pula, alichora alama kwa tindo, moja kwenye mkono na moja kwenye mhimili, zikiwa zimeelekeana.

"Za nini hizo?" aliuliza Gregory.

"Nikirudisha mkono bila kufuata alama, usukani utatazama Shinyanga na lori litatazama Nzega."

Akafunga makucha. Akaweka skrubu katikati kabisa ya mhimili. Akaanza kukaza kwa spana, kidogo kidogo, akipumzika katikati. Hakukuwa na kishindo chochote. Gregory aliinama kutazama. Mbuke alisogea na kinu chake, akajifanya anatwanga.

Ngassa alikaza tena. Skrubu ikawa nzito. Nyundo ilikuwa karibu, na mazoea yakamvuta aichukue. Aliisukuma mbali kwa mguu. Akasubiri kidogo, akakaza robo moja tu.

Paa.

Mkono ukaachia, ukaning'inia kwenye makucha. Mhimili ulikuwa umenyooka kama ulivyotoka kiwandani.

"Wabeja, wabeja sana," alisema Ngassa, na wala sijui alikuwa anamshukuru nani, Mungu, Bernadina au mkewe. Huenda wote.

Kilichobaki kilikuwa kazi aliyoizoea. Alifungua sanduku, akatoa bushi zilizolika, akatia mpya na grisi safi. Alirudisha mkono kwa kufuata alama, akakaza nati. Gregory alipanda, akazungusha usukani kidogo. Magurudumu yakaitika mara moja.

Alikwenda mpaka mtoni, akageuza, akarudi. Alipiga honi njia nzima mpaka kuku wakakimbilia vichakani.

"Fundi, sasa lori linanisikia kuliko mke wangu," alisema. "Ulinunua pula kweli?"

Mbuke aliacha kutwanga. Ngassa angeweza kusema ndiyo, na hakuna ambaye angejua. Alipangusa pula kwa kitambaa.

"Sikununua. Nimelikodi mjini kwa Mama Generosa."

"Vizuri," alisema Gregory. "Mimi nilidhani umeshakopa mpaka shingoni, nami nikaogopa bei utakayonitoza."

Hivyo tu. Aibu yote aliyoiogopa Ngassa ilikuwa hiyo. Gregory alilipa, akaondoka na pamba yake, lori likishika njia vizuri.

Lilikuwa bado linaonekana Herman alipofika na fimbo yake.

"Nimekuja kumchukua mweupe."

"Herman, nisamehe," alisema Ngassa. "Nilikupa neno langu, leo nalitengua. Ng'ombe hauzwi. Chombo nilichotaka kununua nimekikodi, kazi imekwisha."

Herman alinung'unika. Ametoka mbali, miguu inamwuma, na fundi gani huyo anayefanya kazi kwa vyuma vya watu. Mbuke alimletea kigoda na kibuyu cha maziwa.

"Kunywa kwanza, shemeji. Na wale ng'ombe unaowapeleka mnadani, wote ni wako?"

Herman alikunywa maziwa ili asijibu.

Jioni ile ile, kabla siku ya kulipia haijaongezeka, Ngassa alipaka pula mafuta, akalifunga kwenye baiskeli, akalirudisha Shinyanga likiwa safi kuliko alivyolichukua. Bernadina alilizungusha, akatazama makucha, akatoa pesa ya samli.

Tangu hapo Ngassa alikuwa na utaratibu. Chombo cha kila siku alinunua. Msimu ule alinunua jeki ya pili na spana nzuri. Chombo cha mara moja moja alikodi, akihesabu siku ndani ya bei anayomwambia mteja. Na bomba la kutia grisi, ambalo kwanza alikuwa analikodi, alipoona analifuata kila wiki mbili alilinunua lake. Bernadina mwenyewe ndiye aliyemwambia aache kumpa pesa za bure.

Mwaka uliofuata Herman alipita tena Samuye. Zizini, ubavuni mwa mama mweupe, alimkuta ndama jike mwenye baka jeusi shingoni. Nyuma ya ndama alikimbia Paskazia, akimfundisha kusimama kwa adabu. Herman aliegemea nguzo akatazama kwa muda mrefu.

"Mama Paskazia," alisema mwishowe, "mwaka jana nilikuwa niwachukue hawa wote wawili kwa bei ya mmoja?"

"Ndiyo."

"Na mlikuwa mmekubali?"

"Baba Paskazia alikuwa amekubali," alisema Mbuke, akiendelea kukamua. "Mimi nilikuwa nasubiri amalize kula."